Aliyemlisha Mzee Karanja

Siku ya kuniaga walinikatia keki wakasema nimewafundisha upendo. Sikuamini. Nimefanya kazi ya fiziotherapia Thika na Ruiru maisha yangu yote ya utu uzima, na kama kuna kitu niliwafundisha vijana wa idara ile, ni kushuku. Nilimshuku mgonjwa anayesema yuko sawa. Nilimshuku jamaa anayejibu kwa niaba ya mgonjwa. Nilikishuku kiti cha magurudumu cha msaada kilichotufikia kikiwa na breki moja. Hata keki yenyewe niliishuku, maana ilikuwa imemegwa pembeni kabla sijafika. Naandika haya kwa ajili yenu mliobaki, kwa sababu siku ile hotuba zilikuwa nyingi na hakuna aliyeniuliza lolote kuhusu kazi.

Wengi hudhani kazi yetu ni kukanda. Siku yangu ya kwanza hospitalini Thika, mama mmoja alilala kifudifudi kabla hata sijamsalimu, akaniambia nianzie mgongoni na nisimwonee huruma. Aliyeniokoa ni Bwana Salim, mzaliwa wa Majengo, ambaye ndiye alikuwa mkubwa wetu. Alikuwa mtu wa maneno machache, na Kiswahili chake kilitufanya sisi watoto wa Kikuyu tuogope kufungua midomo, hasa mimi ambaye r na l zilikuwa bado zinanipiga chenga. Alimwinua yule mama kwa upole, akamuuliza maumivu yalianza lini, na kumbe shida ilikuwa nyonga.

Baadaye Bwana Salim alinisimamisha mlangoni asubuhi nzima bila ruhusa ya kumgusa mtu. Kazi yangu ilikuwa kutazama wanaoingia: nani anaburuta mguu, nani anatafuta ukuta kwa vidole, kiatu cha nani kimelika upande mmoja. “Ukimwuliza mgonjwa, atakujibu vile anavyotaka umwone,” aliniambia. “Kwa hivyo mwone kwanza.” Nilidhani ananionea kwa sababu ya ugeni wangu. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba asubuhi ile ndiyo ilikuwa shule yenyewe.

Nilipitia mengi nisiyoyaeleza hapa: vijana wa machimbo ya mawe walioangukiwa, miguu iliyovunjwa na bodaboda, akina mama waliopooza upande mmoja wakitaka kurudi shambani kabla ya mvua. Kisha hospitali ikaanzisha kliniki ya wazee, na nikapewa mimi kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Mzee hapati nafuu haraka, na akipata nafuu, anamshukuru mchungaji.

Huko ndiko nilikojifunza kulichukia neno “ni uzee tu.” Mguu ukitetemeka, ni uzee. Ulimi ukiwa mzito, ni uzee. Magonjwa ya kurithi watu huyatarajia kwa watoto, ilhali yapo yanayokaa kimya ndani ya mtu mpaka ana wajukuu, ndipo yanabisha hodi. Kulikuwa na mama wa Gitothua ambaye misuli yake ililegea polepole tangu ujana, na kijiji kizima kikamwita mvivu. Alifika kwetu akiwa na mvi, na hakutaka dawa. Alitaka tu mtu mwenye koti jeupe amwambie mumewe kwamba hakuwa mvivu. Nilimwita mume nikamwambia, na mume alinitazama kama niliyehongwa.

Mzee Karanja alikuja baada ya huyo. Majina ya watu hawa nimeyabadilisha, ila mpangilio wa majina nimeuacha, na mtaona sababu.

Alikuwa dereva mstaafu wa trekta kwenye mashamba ya mananasi, mzee wa kanisa, mkazi wa Ngoingwa. Aliingia akiyumba, mabega yakiruka, uso ukijikunja na kukunjuka, na askari wa lango alikuwa amekwisha kumnusa mdomo mara mbili. Alisindikizwa na mke wake wa pili, Nyambura, aliyemuoa baada ya yule wa kwanza kufariki, na kijana wake mkubwa, Njoroge, mwenye duka la vifaa vya ujenzi kule Gatongora. Nyambura hakuwa amezaa naye. Alimshika mumewe kiwiko, Njoroge akatembea nyuma yao, macho yakiwa kwenye mikono ya yule mama.

Nilipomaliza kumpima Mzee, Njoroge alibaki nyuma akafunga mlango.

“Daktari, huyo mama anamwekea kitu,” alisema. “Tangu aingie kwetu buda anakwisha tu. Akikunywa chai yake, anakohoa mpaka machozi. Na wakati wa kula lazima alock mlango. Si ujiulize, anaficha nini?”

Alikuwa amepanga kumhamishia baba yake Gatongora, aajiri msichana wa kumwangalia, na Nyambura arudi kwao Gitothua. Ndugu zake walikuwa wamekubali. Alichotaka kwangu ni neno moja la kuunga mkono.

Nitasema ukweli: nilimsikiliza. Mzee alikuwa amekonda vibaya, na mlango unaofungwa wakati wa chakula ni jambo la kuulizwa. Daktari wa kliniki alipima alichoweza kupima, na sumu haikuonekana. Njoroge akasema kuna sumu zisizoonekana. Mtu akishafika hapo, hata maji ya mferejini yana kesi ya kujibu.

Kwa hivyo nilichukua boda nikaenda Ngoingwa saa ya chakula cha mchana, bila kuwaarifu. Mlango ulikuwa umefungwa kweli. Nilibisha, nikasikia viti vikisukumwa, kisha Nyambura akafungua nusu. Nilimpita.

Mzee alikuwa ameketi kwenye kigoda, taulo shingoni, mukimo wa viazi na mahindi kwenye ndevu, mukimo ukutani, mukimo kwenye goti. Mbele yake kulikuwa na sahani ya kushibisha wanaume wawili, na mayai, na parachichi, na maziwa. Nyambura alitwaa leso haraka akamfunika kifua, kama mtu amefumaniwa akiwa uchi.

“Ni mimi nilisema afunge,” Mzee alinena. Ulimi wake ulikuwa mzito na maneno yalitoka yakigongana. “Watoto wasione.”

Nilimwamini nusu. Niliinama kwenye sufuria nikanusa, nikachovya kijiko kwenye chai nikaonja. Nyambura aliniona. Alinimiminia kikombe kizima, akakisogeza mbele yangu. Niliona aibu, lakini pia nilikunywa kidogo kidogo.

Nikakaa nikatazama anavyomlisha. Alimngojea ameze kabla ya kuinua kijiko kingine, na shingo ya Mzee iliporuka, kijiko kilirudi nyuma kikatulia. Chakula kilienda vizuri. Chai ndiyo ilimkaba, kwa sababu kitu chepesi hukimbia kabla koo halijajiandaa. Hicho ndicho kikohozi alichokisema Njoroge. Na kule kukonda, mwili ambao hautulii mchana kutwa unachoma chakula kama wa mtu anayelima bila kupumzika. Lakini hilo lilinieleza tu kwamba Nyambura hamuui. Halikunieleza ni nini kinachomuua.

Jibu liliingia likiwa limebeba mfuko wa machungwa. Alikuwa Wambui, binti ya Mzee, fundi wa nguo Ruiru ambaye alikuwa ameacha cherehani mwaka ule. Mzee alimwita “maitu,” yaani mama yangu, kama ilivyo desturi kwetu mtu akimpa binti jina la mama yake mzazi. Wambui alinipa mkono. Kiganja chake kilinibana, kikaachia, kikabana tena, kama mtu anayekamua ng'ombe. Mkono wa namna hiyo nilikuwa nimeushika siku chache tu awali, kliniki, mkono wa baba yake.

Niliuliza mkono ule umeanza lini. Nyambura akacheka kidogo, mara ya kwanza nimwone akicheka.

“Huyo amefuata shosho yake,” alisema. “Ni jina hilo.”

Na hapa ndipo nataka mnisikilize, hasa nyinyi mliozaliwa mjini. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la nyanya mzaa baba, na watu husema jina huja na tabia zake. Mama yake Mzee Karanja, Wambui wa kwanza, alimaliza maisha yake akichezacheza kwenye kiti, mikono haitulii, na watu wakasema ni uzee tu. Mjukuu alipoanza kuangusha vikombe, familia nzima ilitabasamu. Shosho amerudi. Haikuwa ugonjwa, ilikuwa heshima. Lakini Karanja hakuwa na jina hilo, kwa hivyo ya kwake hayangeweza kutoka kwa mama yake. Yalilazimika kutoka nje, na nje ilikuwa sufuria ya mke wa pili. Wagonjwa wawili wa damu moja, wakitikisika kwa namna moja, na hakuna aliyewaunganisha kwa sababu majina yao hayakuwa ya mstari mmoja.

Nilimweleza daktari, naye akampeleka Mzee kwa mtaalamu wa neva Nairobi. Damu ilitolewa ikapelekwa nje ya nchi. Tulingoja, na Njoroge aliahidi kungoja pia, ingawa sikumwamini, na nilipitia Ngoingwa mara kwa mara kuhakikisha Mzee hajahamishwa.

Wakati wa kungoja ndipo kazi yetu ilipofanyika. Chai ikafanywa nzito kwa unga wa uji. Kijiko kikazungushiwa mpira wa tyubu ya baiskeli ili mpini unenepe. Kitanda kikaondolewa na godoro likawekwa sakafuni. Fundi mmoja Ruiru alitengeneza kiti kizito chenye mikono mirefu, akaniuliza kama ni cha chifu. Mzee akaanza kurudisha uzito kidogo kidogo.

Kulikuwa pia na kidonge cha kutuliza mwili. Kipimo kilipopandishwa, Mzee alitulia kabisa, na wanawe wakafurahi, wakasema sasa wageni wanaweza kuja. Mimi huwa nashuku mgonjwa aliyetulia ghafla. Nilimkuta amelala kitini, mate yakidondoka, redio ikisema peke yake. Nilimuuliza Mzee mwenyewe anataka nini. Akasema afadhali acheze akiwa macho. Daktari akapunguza dawa, Mzee akarudi kurusha mikono na kubishana na wahubiri wa redioni. Mkiulizwa maana ya kumtibu mtu ambaye haponi, anzeni na swali hilo, na mumwulize yeye, si wanawe.

Majibu yalirudi. Ulikuwa ugonjwa wa Huntington, unaopita kwenye damu ya mzazi kwenda kwa mtoto. Daktari alimwambia Mzee kwanza, Nyambura akiwa kando, kama sheria inavyotaka. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza neno moja: “Watoto?”

Daktari alimweleza kwamba kila mtoto, bila kujali jina, ana nafasi nusu kwa nusu, kama kurusha shilingi. Akaongeza kwamba hakuna anayelazimishwa kupimwa, na kwamba habari hii ni ya Mzee mwenyewe, hakuna atakayeitoa bila idhini yake.

Sijawahi kumwona mtu aliyebebeshwa mzigo kama ule. Akinyamaza, wanawe wangeendelea kulala usingizi, na mke wake angefukuzwa kama mchawi. Akisema, angemwokoa mke na kuwapa watoto wake jambo la kuwatazamisha mikono yao kila asubuhi. Na alijua vizuri kwamba Gatongora, na msichana wa kuajiriwa mwenye haraka, hangemaliza mwaka. Aliomba muda wa kufikiri. Nyambura hakumshawishi, na hilo nililitazama kwa makini, kwa maana yeye ndiye aliyekuwa na faida ya kumshawishi. Alimwambia tu ale.

Baada ya wiki kadhaa Mzee alinitumia habari kwamba nifike Jumapili baada ya ibada. Nilienda na muuguzi wetu wa ushauri. Watoto wote walikuwepo, Njoroge karibu na mlango, Wambui miguuni pa baba yake. Mzee aliongea mwenyewe. Alisema ugonjwa huu ni wa mama yake, kwamba mama alimpa bila kujua, na yeye pia amewapa bila kujua. Pale ulimi ulipomshinda, Nyambura alirudia maneno yake, hakuongeza hata moja. Wambui hakulia. Aliinua mkono wake akautazama, kisha akauweka juu ya goti la baba yake, ile mikono miwili ikaendelea kubanana.

Nilitarajia, mjinga mimi, kwamba mtu angemgeukia Nyambura amwombe msamaha. Njoroge ndiye aliyeongea.

“Si afadhali ingekuwa sumu,” alisema, akatoka nje.

Nimelifikiria sana neno lile, na simlaumu. Sumu ina mwenye kosa, unamfukuza na mambo yanaisha. Mzee akabaki Ngoingwa, Nyambura akabaki naye. Njoroge aliendelea kuja na mafuta na unga, akisalimia kwa kutikisa kichwa, na kwa muda mrefu bado nilimwona akichungulia ndani ya sufuria. Kuacha kushuku ni kazi ngumu kuliko kuanza, nami si mtu wa kumfundisha mwenzangu hilo.

Mzee Karanja aliishi miaka ambayo daktari hakumtarajia kuishi, na mwishoni kifua kilimwelemea. Alifia kwenye godoro lake, nyumbani, akiwa na kitambi kidogo ambacho Nyambura alijivunia waziwazi hata mbele ya jeneza. Nilikuwa katika miezi yangu ya mwisho kazini.

Baada ya mazishi nilingoja kidogo, kisha nikaenda Ngoingwa. Nilikuwa na hakika kwamba wanamfukuza. Mjane asiye na mtoto, nyumba ya mke wa kwanza, vijana wakubwa wenye hasira: niliona mwisho wake tangu mbali. Nilimkuta Nyambura ametoa begi lake sebuleni, limefungwa. Nilimuuliza nani amemwambia aondoke. Akasema hakuna aliyemwambia, ila hangengoja kuambiwa.

Tulikuwa bado tumesimama hapo Njoroge alipoingia. Lilikuwa jua kali, naye alikuwa amevaa jaketi, mikono mifukoni. Aliliona begi.

“Unaenda wapi, Mama?”

“Kwetu. Gitothua.”

Njoroge alisema kwamba Wambui sasa hawezi kushika kijiko. Nyambura akajibu kwamba anajua, alimlisha juzi. Mimi nikajifanya natafuta kitu ndani ya mkoba wangu. Nilihisi anachotaka kusema, na kwa mara moja katika maisha yangu niliomba niwe nimekosea.

“Na mimi je,” Njoroge alisema, “nani atanilisha?”

Ndipo nilipoelewa jambo ambalo pengine yeye alilielewa kabla yangu. Katika nyumba ile yote, kati ya watoto wale na watoto wa watoto wale, mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa na hakika kwamba ugonjwa ule hautamfikia, na ndiye yule waliyekuwa wakimwita wa nje.

Nyambura hakumkimbilia. Alimtazama kama alivyozoea kutazamwa yeye.

“Ndugu zako wanajua umekuja?”

“Ni wao wamenituma.”

“Toa mikono mfukoni.”

Njoroge alisita, kisha akaitoa. Vidole vilikuwa vimeanza kucheza. Nyambura aliishika yote miwili, akaishikilia kwa muda mrefu, halafu bila kugeuka akaniambia nimsaidie kurudisha begi ndani.